Ukaguzi wa Majenzi na Swali la Akiba

Katika taarifa za miradi ya ujenzi zinazosomwa mbele ya viongozi siku hizi, maneno mawili hayakosekani: udhibiti wa ubora na uthibitisho wa ubora. Husomwa pamoja, kwa pumzi moja, na kwa kuwa sikioni yanakaribiana, wengi wameyachukua kuwa ni jambo moja lililotajwa mara mbili kwa kutia mkazo. Sisi tunadai kwamba ni mambo mawili, na kwamba kuyachanganya kumetugharimu majengo na roho za watu.

Udhibiti wa ubora ni kazi ya anayejenga. Hufanyika ndani ya kazi yenyewe: kupima mchanga na kokoto kwa boksi badala ya kukisia kwa koleo, kuhesabu ringi za nguzo, kuangalia kama nondo zimeinuliwa kutoka kwenye mbao ili zege lizizunguke pande zote, kujaza vipande vya zege vyenye milimita 150 kila upande ili vikapasuliwe maabara siku ya 7 na siku ya 28. Uthibitisho wa ubora ni utaratibu ulio juu ya kazi hiyo. Unamwezesha mtu asiye mjenzi kujua kwamba udhibiti huo ulifanyika kweli, kumwonyesha mwingine kwa maandishi, na kusimamisha kazi pale ambapo haukufanyika. La kwanza linahusu vifaa na mikono. La pili linahusu madaraka, na ndiyo maana ni haki yake kujadiliwa katika kurasa hizi, hata kama kuna wasomaji watakaosema kwamba zege si somo la itikadi.

Kwanza yafaa tutazame nadharia yenyewe imetoka wapi. Nadharia ya ubora inayofundishwa vyuoni ilizaliwa kiwandani. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika viwanda vya vifaa vya simu nchini Marekani, alichora chati ya kufuatilia makosa ya uzalishaji. Mwaka 1950 W. Edwards Deming, aliyejifunza kwake, alikwenda Japani kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda. Mwaka 1987 ulitolewa mfululizo wa viwango vya kimataifa vya ISO 9000, ambavyo leo vimetundikwa kwenye kuta za mapokezi za makampuni mengi. Kiini cha mafundisho ya Deming ni kwamba ubora hauongezwi mwishoni kwa kukagua. Hutiwa ndani ya kazi tangu mwanzo.

Mafundisho haya yana hekima, wala hatuna ugomvi nayo mahali pake. Lakini yametoka mahali ambapo kitu kilekile hutengenezwa mara elfu moja chini ya paa moja. Skurubu mbovu hutupwa na nyingine ikatengenezwa. Nguzo ya chini ya jengo haitupwi wakati ghorofa ya tano imekwisha kuikalia. Wapo wataalamu wanaoyachukua mafundisho hayo mazimamazima na kudai kwamba mkandarasi mwenye cheti aachwe ajisimamie, na kwamba ukaguzi wa mara kwa mara ni mabaki ya urasimu. Hoja hii haina msingi. Cheti cha aina hiyo kinathibitisha kwamba kampuni ina utaratibu ulioandikwa na inaufuata kwa jumla. Hakithibitishi kwamba jana saa kumi jioni, mafundi wakiwa wamechoka na mvua ikinyemelea, zege la nguzo ya pembeni lilitiwa maji kiasi gani.

Nyumba ya miti na udongo ilikuwa na ukaguzi wake, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Kabla ya kukandika, mifupa yote ya nyumba ilikuwa wazi kwa siku kadhaa. Jirani akipita aliona nguzo ipi ni changa na ipi imekwisha kuguswa na mchwa, na alisema, kwa sababu yeye pia angeitwa kukandika. Jengo la zege halitoi nafasi hiyo. Nondo zinazofungwa asubuhi huzikwa mchana, na baada ya hapo anayekuja kukagua anakagua lipu. Kwa hiyo ukaguzi wa jengo la zege ni kazi ya saa chache kabla ya kumwaga, na ya saa zile za kumwaga. Ukipita wakati huo, kilichobaki ni kubomoa, kutoboa au kukisia.

Akiba isiyo na mwenyewe

Mhandisi anapochora nguzo, haipi nguvu ya kubeba mzigo uliopo tu. Katika kanuni za Kiingereza zilizotumika kwa muda mrefu hapa kwetu, uzito wa jengo lenyewe huzidishwa kwa 1.4, na uzito wa watu na vitu vitakavyoingia huzidishwa kwa 1.6, kisha nguvu ya zege nayo hugawanywa kwa 1.5 kabla ya kuhesabiwa. Matokeo yake ni kwamba jengo lililochorwa vizuri huwa na nguvu inayokaribia au kuzidi mara mbili ya mahitaji yake ya kila siku. Ziada hiyo sisi tutaiita akiba. Imewekwa kwa ajili ya mambo yasiyojulikana: zege lililotoka dhaifu kidogo kuliko ilivyotarajiwa, mkusanyiko wa watu usio wa kawaida, kosa dogo la kipimo.

Akiba hii haionekani kwa macho na haina mwenyewe. Tuone inavyoliwa.

Kibarua huongeza maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji lita 25 hivi za maji kwa zege zuri la nguzo, yaani ndoo moja na robo. Zege la namna hiyo ni zito. Kulisukuma kwa toroli na kulishindilia katikati ya nondo ni kazi ya kuvunja mgongo. Ndoo mbili kamili hulifanya litiririke lenyewe. Mwaka 1918 Duff Abrams alikwisha kuonyesha, kwa majaribio yaliyofanywa Chicago, kwamba nguvu ya zege hushuka kadiri maji yanavyozidi ukilinganisha na saruji. Kutoka lita 25 hadi lita 40 kwa mfuko, nguvu iliyotarajiwa hubaki kama nusu.

Mkandarasi aliyepunguza bei ili apate zabuni hupunguza saruji, au hununua nondo nyembamba kuliko za kwenye ramani, au hung'oa mirunda ya boriti baada ya siku chache badala ya wiki mbili au tatu kwa sababu mirunda ni ya kukodi na inasubiriwa kwingine. Mwenye jengo huongeza ghorofa. Msingi na nguzo zilizopimwa kubeba ghorofa 10, zikibebeshwa 16, zimeongezewa mzigo wa karibu asilimia 60.

Kila mmoja wa hawa huamini kwamba jengo litahimili, na akichukuliwa peke yake mara nyingi huwa sahihi. Akiba ipo, naye amekula sehemu tu. Asichokijua ni kwamba wenzake nao wanakula sahani hiyohiyo. Ndiyo maana baada ya maafa kila mtu hutoa ushahidi ambao kwa upande wake ni wa kweli: kosa langu peke yangu lisingeangusha jengo. Na ndiyo maana majengo mabovu husimama miaka mingi na kuwapa moyo wengine wajenge vivyo hivyo.

Hata hivyo tusiwaweke walaji wote hawa kwenye mzani mmoja. Kibarua anayeongeza ndoo ya maji hapati hata senti kwa maji hayo. Anapunguza maumivu ya siku, na aghalabu hakuna aliyemweleza maji yanafanya nini ndani ya zege. Analipwa kwa kazi iliyomalizika, hivyo mfumo wa malipo wenyewe unamsukuma amalize upesi. Mwenye jengo anayeongeza ghorofa sita anapata kodi ya ghorofa sita kila mwezi kwa maisha yake yote. Pale ambapo kiwanja cha mjini kimekuwa na thamani kuliko nyumba iliyo juu yake, akiba ya usalama hugeuka kuwa mali inayoweza kuuzwa, na muuzaji si yule atakayelala chini yake. Kada anayetoka kwenye mkutano akiwalaumu mafundi wa mitaani kwa kila jengo linaloanguka amelishika jambo hili kwa mkia.

Udhibiti wa ubora humtazama kila mlaji kivyake, na kwa hiyo hauwezi kuona jumla. Kazi ya uthibitisho wa ubora ni kutunza hesabu ya akiba yote: kujua kwamba matokeo ya vipande vya zege vya ghorofa ya pili yalikuwa ya chini, na kwa sababu hiyo ghorofa ya tatu isianze, kujua kwamba ramani iliyoko mikononi mwa fundi ni ileile iliyopewa kibali. Hesabu hiyo haina maana ikiwa anayeitunza hawezi kusema basi.

Ghorofa haifichiki

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36, wakiwamo vibarua waliokuwa kazini. Wakati huo nchi ilikuwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, kila moja na sheria yake. Ulikuwapo Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Lilikuwapo Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Ilikuwapo halmashauri inayotoa vibali. Tatizo halikuwa uhaba wa ofisi.

Ilielezwa baadaye kwamba ghorofa zilizosimamishwa zilizidi zile za kibali. Maji yaliyozidi katika zege hufichika. Nondo iliyopungua hufichika. Ghorofa haifichiki. Mtoto wa darasa la kwanza aweza kuzihesabu akiwa upande wa pili wa barabara. Ghorofa moja ya zege huchukua wiki kadhaa kujengwa, na kila moja ilijengwa mchana, katika mtaa wenye watu wengi kupita karibu mitaa yote nchini. Aliyekosekana hapo si mtu wa kuona. Alikosekana mtu ambaye, kwa kuona, angelazimika kusimamisha kazi, na ambaye asiposimamisha angeulizwa kwa jina.

Mihuri ikiwa mingi, kila ofisi hupata nafasi ya kuamini kwamba jambo hilo linashughulikiwa na ofisi nyingine. Mwenye kutoa kibali hutazama ramani. Mwenye kusajili hutazama vyeti vya mhandisi. Wa usalama kazini hutazama kofia na viatu. Kila mmoja amefanya kazi yake, na nguzo haikutazamwa na mtu.

Hata pale ambapo kasoro imeonekana na kuandikwa, maandishi peke yake hayatoshi. Jirani zetu wa Nairobi walilijua hilo tarehe 29 Aprili, 2016, wakati nyumba ya kupanga ya ghorofa sita ilipoanguka katika mtaa wa Huruma, karibu na mto, baada ya mvua kubwa. Walikufa watu wapatao 50. Nyumba hiyo ilikuwa tayari imeorodheshwa kubomolewa. Mkaguzi alipita, akaona, akaandika. Wapangaji waliendelea kulipa kodi na kulala humo.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ya wakati wetu umetoka mbali zaidi, Savar, karibu na mji wa Dhaka nchini Bangladesh. Tunauleta hapa kwa sababu unaonyesha jambo ambalo mifano yetu wenyewe haikulionyesha wazi: nani hasa ana sauti mbele ya ufa. Tarehe 23 Aprili, 2013, nyufa kubwa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, ambalo ghorofa zake za juu zilikuwa na viwanda vya kushona nguo. Mhandisi aliyeitwa kutazama alisema jengo si salama. Benki iliyokuwa humo iliwaondoa wafanyakazi wake. Washonaji, wengi wao wanawake vijana, waliagizwa warudi kazini kesho yake. Asubuhi ya tarehe 24 jengo lilianguka na watu 1,134 wakafa. Ufa ulikuwa mmoja na wote waliuona. Wa benki waliruhusiwa kuuogopa. Washonaji, ambao mishahara yao ilikuwa mikononi mwa waliowaita, hawakuruhusiwa.

Wazee walituachia methali ya ufa na ukuta, na husomwa kila mahali panapozungumzwa habari za majengo. Tungependa itumike kwa uangalifu. Katika ukuta wa udongo, kuziba ufa ni matengenezo. Katika nguzo ya zege, kuziba ufa kwa lipu na rangi ni kuficha ushahidi.

Kilichofuata Bangladesh kinastahili kusomwa na makada wetu kuliko hotuba za rambirambi. Mwezi Mei mwaka huohuo vyama vya wafanyakazi na kampuni za kigeni zinazonunua nguo, ambazo hatimaye zilizidi 200, walitia sahihi mkataba wa usalama wa moto na majengo wenye nguvu ya kisheria. Wakaguzi wake hawakulipwa na wenye viwanda waliokuwa wakikaguliwa. Taarifa zao zilitangazwa hadharani, kiwanda kwa kiwanda. Mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia katika jengo analoamini ni la hatari, bila kukatwa mshahara. Hatuna sababu ya kuupamba mkataba huo: makampuni hayo yaliogopa majina yao kuliko yalivyowapenda washonaji, na mwaka 2020 kazi hiyo ilihamishiwa kwenye baraza ambalo wenye viwanda nao wana viti. Lakini mambo yale matatu, yaani malipo yasiyotoka kwa mkaguliwa, taarifa ya wazi, na haki ya kukataa, ndiyo yaliyofanya ukaguzi uwe ukaguzi. Wasomaji wanaoukumbuka Mwongozo wa mwaka 1971 wataona kwamba wazo la mfanyakazi kuwa na kauli juu ya kazi anayoifanya si geni katika nchi hii.

Ziara na daftari

Sasa tuje nyumbani kabisa, kwenye ukaguzi unaofanywa na viongozi na makada. Tazama ziara ya kawaida. Msafara unafika shuleni. Mwalimu mkuu anasoma taarifa fupi: mradi ulipokea kiasi hiki, umetumia kiasi hiki, umefikia asilimia 95. Viongozi wanaingia darasani. Mmoja anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mwingine anauliza bei ya mlango. Rangi bado inanuka. Kitabu cha wageni kinatiwa sahihi, picha inapigwa, msafara unaondoka kwenda mradi wa nne wa siku hiyo.

Ziara hiyo ina faida yake. Inaweza kugundua mlango ulionunuliwa kwa bei ya milango miwili, na hilo si dogo. Viongozi wa mbio za Mwenge wa Uhuru wamewahi kukataa kuzindua miradi, na kukataa huko kumewatia hofu waliostahili kutiwa hofu. Lakini ni ukaguzi wa fedha uliovaa nguo za ukaguzi wa jengo. Kinachoulizwa ni kama fedha ilifika na kama kitu kimesimama. Na unapokataa mradi siku ya kuuzindua, umelipa mara mbili: umelipa kujenga vibaya, na utalipa kubomoa.

Mwaka 2021 yaliamuliwa kujengwa madarasa 15,000, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 uliohusu pia mambo mengine. Kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20, na yalitakiwa yawe tayari kwa wanafunzi wa Januari 2022. Ilitumika njia ya fosi akaunti: vifaa vinanunuliwa na shule au halmashauri, mafundi wa mahali wanalipwa ufundi, na wananchi wanaunda kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Watoto waliingia madarasani, na yeyote anayelibeza hilo hajapata kufundisha watoto mia moja chini ya mwembe. Hatusemi madarasa hayo ni mabovu. Kusema hivyo bila vipimo kungekuwa ni kukagua kwa kidole. Tunachosema ni kwamba katika njia hii mkandarasi ameondolewa, na pamoja naye ameondoka mhandisi wake wa kila siku, na kazi yote ya uthibitisho imeangukia mabega ya mhandisi wa halmashauri, ambaye mara nyingi ana kata nyingi na gari moja, na kamati ya wananchi ambayo imefundishwa kuhesabu mifuko.

Kuhesabu mifuko ni muhimu. Lakini mfuko uliohesabiwa ghalani unaweza kuingia katika zege lenye ndoo mbili za maji na ukapotea palepale, bila mwizi. Tena zege halijui tarehe ya mwisho ya mradi. Linahitaji kumwagiliwa angalau siku saba hata kama mkuu anakuja siku ya nne. Darasa la chini, tukubali, haliangukii watu kama ghorofa. Huanza kwa sakafu kububujika vumbi, mkanda kupasuka juu ya dirisha, kutu kujitokeza kwenye nguzo ya baraza. Hasara yake ni ya polepole, na hulipwa na kijiji kilekile kilichochangia mawe na mchanga.

Je, kamati ya wananchi inaweza kufanya zaidi ya kuhesabu? Tunasisitiza kwamba inaweza. Kipimo cha maji katika zege ni koni ya bati yenye urefu wa milimita 300. Hujazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka likichomwa kwa fimbo ya chuma mara 25, kisha koni huinuliwa na kuonekana zege limeshuka kiasi gani. Aliyemaliza darasa la saba hujifunza kazi hii kabla ya chai ya saa nne. Kupima nafasi kati ya nondo na mbao kunahitaji rula. Kuandika kwa chaki kwenye boriti tarehe iliyomwagwa na tarehe ya kung'oa mirunda kunahitaji chaki. Mambo haya hayamfanyi mwanakijiji kuwa mhandisi, wala hayaondoi haja ya mhandisi kuja kutazama nondo kabla ya kumwaga. Yanamfanya awe shahidi anayejua anachokishuhudia.

Na kada anayekuja kukagua, badala ya kugonga ukuta, aombe daftari la kazi. Asome siku ambazo zege lilimwagwa, nani aliruhusu, na vipande vilivyopelekwa maabara vilitoa nini. Kisha atafute siku ambayo kazi ilikataliwa. Hakuna ujenzi wa miezi mitatu ambao kila kitu kilikuwa sawa tangu kokoto ya kwanza. Daftari lisilo na kataa hata moja linaonyesha kwamba hapakuwa na mkaguzi, au kwamba alikuwapo na hakuwa na madaraka. Tunajua kwamba leo fundi mkuu anayeandika kataa katika daftari anaogopa kuonekana amekwamisha mradi. Hofu hiyo imetengenezwa na maswali ya ziara zenyewe, na itaondoka maswali yakibadilika.

Anayelipa na anayesimamisha

Hapa hujitokeza hoja nzito kuliko zote, na hatutaki kuipita kando. Ukimpa mkaguzi madaraka ya kusimamisha kazi, umempa pia bidhaa ya kuuza. Mkandarasi ambaye kila siku ya kusimama inamgharimu mishahara na kodi ya mitambo atalipa ili asisimamishwe, na atalipa hata kama zege lake ni zuri. Wenye uzoefu wa kazi hii hawatauita wasiwasi huo wa kubuni.

Lakini tazama hali ilivyo bila madaraka hayo. Mhandisi mshauri anayesimamia jengo la mtu binafsi huajiriwa na mwenye jengo, yuleyule anayetaka ghorofa ya ziada. Vipande vya zege hujazwa na mkandarasi, hubebwa na mkandarasi, na maabara hulipwa na mkandarasi; kumtengenezea mkaguzi toroli moja la zege safi la kujazia vipande ni ujanja unaojulikana kila mahali. Rushwa ya hali hii haihitaji bahasha. Imo ndani ya mpango wa malipo wenyewe, nayo haiwezi kukamatwa kwa sababu hakuna aliyevunja sheria.

Kwa hiyo madaraka ya kusimamisha yaambatane na mambo yanayoyaweka mwangani. Amri ya kusimamisha iandikwe na ibandikwe kwenye kibao cha mradi, pamoja na sababu yake, ili mpita njia aisome. Mhandisi wa pili, asiye wa ofisi ileile, aje aitazame katika siku chache na aithibitishe au aifute kwa maandishi. Ruhusa nayo iwe hivyohivyo: jina la aliyeruhusu nguzo za ghorofa ya tatu zimwagwe libaki katika kumbukumbu za halmashauri kwa muda wote jengo litakapokuwa limesimama. Ada ya ukaguzi na ya maabara ilipwe na mwenye jengo mara moja, pamoja na ada ya kibali, katika mfuko wa umma, na mkaguzi alipwe kutoka humo. Sampuli zichukuliwe na mkaguzi bila kutangaza siku, zipewe namba, na maabara isijue namba ni ya jengo gani. Watakaosema kwamba hili litapandisha gharama ya ujenzi wanasema kweli. Gharama hiyo leo ipo, ila imewekwa kwa wapangaji na vibarua bila wao kuulizwa.

Limebaki swali la majengo yaliyokwisha kujengwa, ambalo ni gumu zaidi. Jumamosi tarehe 16 Novemba, 2024, jengo la ghorofa lililoanguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20 lilikuwa jengo linalotumika, lenye maduka na watu ndani wakifanya biashara. Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Kwa majengo ya namna hii hakuna tena saa ile ya kabla ya kumwaga. Kazi ya kwanza ni kutafuta ramani za kibali na kulinganisha ghorofa kwa ghorofa, na vyumba vya chini vilivyochimbwa baadaye. Mahali ambapo ramani hazipo, itabidi nguzo za chini zitobolewe na vipande vyake vipelekwe maabara, nondo zitafutwe kwa mitambo, na mizigo ihesabiwe upya, pamoja na marobota ya nguo na matangi ya maji yaliyopandishwa juu ya paa. Ni kazi ya miaka, na wenye majengo watafungua kesi. Orodha ya majengo yatakayopimwa, na matokeo ya kila moja, ibandikwe mlangoni pa jengo lenyewe, kwa Kiswahili, mahali ambapo mpangaji na mteja watayasoma kabla ya kuingia.